Kupaka viatu vya baleti vilingane na ngozi, kwa usiku wa kazi mseto

Usiku wa baleti wenye kazi tatu au nne, yaani ngoma fupi tofauti, huumbua rangi mbaya ya viatu kuliko onyesho la hadithi moja. Kazi ya kwanza mchezaji amevaa viatu vya pointi, vile vya ncha ngumu vya kusimamia vidole, ya pili yuko pekupeku. Mtazamaji akishauona mguu wenyewe, kiatu kilichokosewa rangi hakimdanganyi tena. Kwa mchezaji mweusi, kiatu cha waridi huukata mguu kwenye kifundo, na ule mstari mmoja kutoka nyonga hadi ncha ya vidole unapotea. Ndiyo maana Dance Theatre of Harlem, kundi lililoanzishwa New York mwaka 1969 na Arthur Mitchell na Karel Shook, tangu 1974 huwavalisha wachezaji wake taiti na viatu vya rangi ya ngozi ya kila mmoja. Madeni yalilisimamisha kundi hilo 2004. Liliporudi 2012, rangi hizo zilirudi nalo. Watengenezaji wa viatu Freed of London walianza kuuza viatu vya kahawia na shaba mwaka 2018, lakini ambaye rangi ya dukani haimkai bado anahitaji kuvipaka mwenyewe kwa sponji na fandesheni, kipodozi cha rangi ya ngozi.

Chagua fandesheni kwa kuijaribu kwenye muundi, si usoni. Iwe ya maji: yenye mafuta haikauki vizuri juu ya satini, na huchafua vazi la mwenzako anapokubeba.

Shona tepe na lastiki kwanza, maana nazo zinapakwa. Kwa jozi moja anza na vijiko 3 vya chai vya fandesheni na kijiko 1 cha maji. Wengi huongeza losheni ya kalamaini kuua mng'ao wa satini. Kwenye ngozi nyeusi iache: ni ya waridi, na kiatu kitaonekana kama mguu uliopauka.

Kamua sponji mpaka isidondoke, kisha gongagonga, usisugue. Kichwa cha kiatu, ile sehemu ngumu ya vidole, ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizoshikwa kwa gundi, na maji huilainisha gundi hiyo. Ukikilowesha, kiatu kimekufa kabla hakijachezewa. Ile mikunjo chini ya vidole, satini inapokusanywa kuingia kwenye soli, ipanue kidogo na uipitishie brashi ndogo. Hapo ndipo waridi hujificha, na mguu ukiinuliwa nyuma ukumbi mzima unaiona.

Tabaka la kwanza litakuwa na mabaka, ndivyo lilivyo. Subiri dakika 30, paka la pili, kisha viache usiku kucha penye hewa. Nje hukauka upesi, ndani bado pana unyevu.

Andaa jozi moja kwa kila kazi ya pointi na moja ya akiba, zote kutoka bakuli moja siku moja. Bakuli la pili halilingani kamwe. Rangi kidogo iliyobaki iweke kwenye kichupa: ncha huchubuka, na mapumziko ya dakika 15 yanatosha kuziba pengo kwa sponji karibu kavu.

Mwisho, vipime chini ya taa za jukwaa, kwani mwanga wa bluu huifanya kahawia ionekane nyeusi. Mtu akae katikati ya ukumbi, wewe inua mguu. Akishindwa kusema kiatu kinaanzia wapi, rangi imekubali.