Jinsi ya kupanda paternosta, ile lifti isiyosimama

Kama unaenda kusoma Sheffield, au una safari ya Prague, Vienna au Stuttgart, soma hii kabla hujaondoka. Kuna siku utaingia kwenye jengo utafute kitufe cha lifti usikione, mlango wa lifti hamna, unachoona ni matundu mawili ukutani yamekaa sambamba na ndani yake vibanda vinapita tu, tundu moja vinapanda, la pili vinashuka, havisimami hata kidogo, na watu wanaingia na kutoka kama wanavuka kizingiti cha sebuleni kwao. Hiyo ndo paternosta.

Mimi nilikutana nayo 1996 kwenye Arts Tower, lile jengo refu la Chuo Kikuu cha Sheffield. Darasa lilikuwa ghorofa ya tisa. Nilisimama pale chini nikaangalia vibanda kumi na kitu vimepita, nikaona hapana, nikapanda ngazi, na kesho yake nikapanda ngazi tena. Siku ya tatu alikuja kaka mmoja wa Mombasa, alikuwa ameshakaa pale mwaka wa pili, akaniona nimeganda, akaniambia, "Dadangu, usitazame kibanda chote, tazama sakafu yake tu. Ikikaribia kuwa sawa na hii yetu, ingia." Akaingia yeye, akaenda. Mi nikabaki naangalia sakafu. Kibanda kilichofuata nikaingia.

Maneno yale ya yule kaka ndo somo zima, mengine yote ntakayoandika hapa ni nyongeza. Ila nyongeza nazo zina umuhimu wake maana hiki chombo ukikidharau kinaumiza, kwa hiyo tulia usome.

Kwanza ujue unachopanda. Fikiria vile vibanda vya simu vya zamani, toa mlango, vipange kimoja juu ya kingine kuanzia chini hadi juu ya jengo, afu vifunge kwenye cheni inayozunguka. Upande mmoja vinapanda, vikifika juu vinasogea kando na kushuka upande wa pili, vikifika chini vinasogea tena na kupanda, hivyo hivyo kutwa nzima. Ndo maana ikaitwa paternosta, ni Kilatini cha Baba Yetu, kwa sababu vibanda vinafuatana kama punje za rozari kwenye vidole vya mtu anayesali. Kwa Waislamu ni tasbihi ile ile, punje inapita inakuja nyingine, mwisho hauoni. Mwendo wake ni mdogo, nyingi zinaenda kama sentimeta 30 kwa sekunde, yaani pole pole kuliko mtu anayetembea, na kila kibanda kinabeba watu wawili tu kwa kawaida. Ile ya Sheffield ina vibanda 38 kwenye jengo la mita 78, ndo kubwa kuliko zote zilizobaki duniani.

Mtu anayetajwa kuanza wazo hili ni Peter Ellis, mchoraji majengo wa Liverpool, miaka ya 1860. 1884 kampuni ya J & E Hall ya Dartford ikaanza kuzitengeneza, na 1886 ikafungwa moja Hamburg kwenye jengo la maofisi la Dovenhof, Wajerumani wakazipenda kweli kweli mpaka zikajaa kwenye halmashauri za miji, mabenki na wizara zao. Na ukizingatia ofisi yenye makarani mamia wanaopanda na kushuka na mafaili siku nzima, inaeleweka, maana husubiri lifti. Kibanda kinakuja kila baada ya sekunde chache na umeme unaotumika hautishi kwa sababu vibanda vya kushuka vinasawazisha uzito wa vile vya kupanda, mota inasukuma tofauti tu.

Haya, sasa kupanda. Simama mbele ya tundu hatua moja nyuma, usiegemee ukuta, usiingize kichwa ndani kuchungulia, hilo la kichwa nalirudia, USIINGIZE KICHWA NDANI. Hakikisha uko upande sahihi, maana unaokwenda juu haugeuki kwenda chini eti kwa sababu umebadili mawazo, labda uzunguke nao. Kama kuna anayetoka mwache atoke kwanza, usimkimbilie mlangoni, kibanda kingine kiko hapo hapo nyuma yake. Angalia pembeni utaona mshikio wa chuma au wa mbao umesimama wima, ndani ya kibanda na mara nyingi hata nje ukutani. Huo ndo wa kushika, mkono mmoja tu unatosha.

Ukienda juu, sakafu ya kibanda inatokea chini ya miguu yako na kupanda. Ikiwa imebaki chini kidogo tu, kama kimo cha kidato kifupi, ndo saa yake, ingia kwa hatua moja ya kawaida, mguu wa pili ufuate hapo hapo. Ukichelewa sakafu inakuwa imeshapita juu yako, na mtu anayeingia kwa kupanda sakafu inayokimbia ndo anayejikwaa. Ikishafika karibu na goti, achana nayo, subiri kinachofuata, hakuna anayekuhesabia. Ukienda chini mambo yanageuka, sakafu inatokea juu na kuteremka, ngoja hadi ikaribie kabisa usawa wa pale uliposimama, ingia. Wengi wanaona kushuka ni rahisi kuliko kupanda, mi naona kinyume chake, maana mwili unapoteremshwa wakati mguu uko hewani unashtuka kidogo. Jaribu zote ujionee mwenyewe.

Kutoka ndo kunatisha watu, lakini kanuni ni ile ile, ukienda juu tazama sakafu ya ghorofa inakuja kutoka juu ya macho yako, inapita kifua, inapita magoti, na ikiwa bado kidogo kuwa sawa na miguu yako toka. Usingoje iwe sawa kabisa, kwa sababu wakati unafikiria ishapita, na anayetoka amechelewa anaruka chini kama anashuka kwenye daladala ambayo konda hakuisimamisha. Tofauti ni kwamba daladala inakuacha pale chini na vumbi lako, hapa nyuma yako kuna ukingo wa sakafu unaopanda. Kwa hiyo ukichelewa BAKI NDANI. Panda ghorofa moja zaidi, toka huko, rudi kwa upande wa kushuka. Sekunde chache hizo hazijawahi kumchelewesha mtu mkutano.

Mavazi na mizigo. Khanga, baibui, kanzu, dera, skafu ndefu, vyote vikusanye mkononi kabla hujaingia. Mkoba ubebe mbele kifuani. Nilishawahi kutoka kwenye jengo moja la serikali, nchi sitaitaja, nina mkoba wa kamba ndefu begani, mi nimetoka kamba imebaki imenasa kwenye mshikio wa kibanda na kibanda kinaenda juu. Nilivutwa nusu hatua kurudi nyuma kabla kamba haijakatika. Nusu hatua tu, lakini niliona ule ukingo wa sakafu ukipita mbele ya uso wangu na mpaka leo naukumbuka, ulikuwa wa shaba iliyosuguliwa na viatu vya watu hadi inang'aa katikati na imebaki nyeusi pembeni. Tangu siku hiyo mkoba uko kifuani.

Mzigo mrefu kama ngazi, bomba, fimbo ya pazia, usithubutu, unanasa kati ya kibanda na ukingo wa ghorofa. Kigari cha mtoto hapana, sanduku la safari hapana, mtoto mdogo hapana hata ukimbeba. Mwenye magongo au kiti cha magurudumu hana nafasi humu na hilo linaniuma, ni sababu moja kubwa ya haki kabisa iliyofanya zisijengwe tena, karibu kila penye paternosta pana lifti ya kawaida pembeni, tumieni hiyo na msione aibu. Na simu iweke mfukoni, utapiga picha ukishakuwa ndani umetulia.

Ikisimama ghafla? Inasimama, mara nyingi tu. Nyingi zina kibao chenye bawaba kwenye ukingo, kikiguswa kwa nguvu kinakunjuka na mashine inazima, na kuna kitufe chekundu cha dharura kwenye ghorofa. Mtu amegusa mahali, basi. Wewe kaa ndani, kaa katikati, usijaribu kutambaa kutoka kwenye uwazi uliobaki kati ya ghorofa mbili hata kama unaona unapitika, maana hujui sekunde gani watawasha. Ongea kwa sauti wajue uko wapi.

Mama yangu alikuja kunitembelea 1998, mama wa miaka 61 wakati huo, hajawahi kupanda lifti yoyote zaidi ya ile ya hospitali. Nikamwambia mama twende ile ya kawaida, akasema hapana, nataka hii unayoandikaga kwenye barua. Nikamweleza kama nilivyoelezwa, tazama sakafu tu. Akakusanya kitenge mkono wa kushoto, wa kulia akashika mshikio, nikasikia anaanza Baba Yetu taratibu, na kwenye "uliye mbinguni" akaingia, mimi nikaingia kinachofuata. Nikawa nasikia sauti yake juu ya kichwa changu inaendelea na sala mpaka mwisho, afu kimya, afu akaniita kwa jina, "Nashukia hapa au nipande tena?" Nilikuwa sijamweleza bado kwamba hilo jina la lifti ndo hiyo sala. Nilipomwambia hakushangaa, alisema basi walioijenga walikuwa wanaogopa kama yeye.

Sasa swali ambalo kila mtu ananiuliza, ukipitiliza ghorofa ya mwisho inakuwaje, kibanda kinapinduka? Hakipinduki. Huko Ulaya wanafunzi wageni wanatishwa na hadithi hiyo miaka nenda rudi, kuna mpaka wanaojifanya wametokea upande wa pili wamesimama kwa mikono. Ukweli ni huu, kila kibanda kinashikwa na cheni mbili, moja kwenye kona ya juu mbele, nyingine kona ya juu nyuma inayotazamana nayo kwa mshazari, na magurudumu yanayobeba cheni hizo hayako kwenye mstari mmoja. Kwa hiyo cheni zikikata kona kule juu kibanda kinabaki wima muda wote, kinahamishwa tu kutoka upande wa kupanda kwenda wa kushuka, kama mtu anavyohamisha kikombe cha chai kwenye sinia bila kumwaga.

Sehemu nyingi kuna kibao kinasema ushuke kabla ya hapo, na kama kipo kitii, mafundi wana sababu zao. Ila umepitiliza bahati mbaya, usiruke. Kutatanda giza au taa moja hafifu, utaona ukuta wa matofali ambao haujapakwa rangi, utasikia harufu ya grisi na gia zinasaga karibu kabisa na sikio, kibanda kitatikisika kidogo kikisogea, simama katikati mikono umeiweka kwako, na kabla hujamaliza kuogopa mwanga wa ghorofa ya juu unatokea chini ya miguu yako na sasa unashuka.

Pa kuzipanda bado papo lakini panapungua. Ujerumani Magharibi walikataza kufunga mpya tangu 1974, na Juni 2015 Ujerumani ikatoka kanuni kwamba asiyefundishwa asipande, wizara ya kazi wakati huo ilikuwa chini ya Andrea Nahles, watu wakalalamika sana na siku si nyingi ikalegezwa. Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walikuwa nayo kwenye jengo la Attenborough, imezimwa 2017. Stuttgart ipo halmashauri ya jiji, raia yeyote anaingia siku za kazi, hiyo ndo ntamshauri anayeanza maana jengo si refu na watu wanaopanda wamezoea wageni. Vienna kuna ya Haus der Industrie pale Schwarzenbergplatz, ya zaidi ya miaka mia, mbao tupu, nzuri sana. Prague zipo kadhaa, ya jumba la Lucerna ndo rahisi kuipata. Na kuna Zlín, huko huko Cheki, kwenye jengo namba 21 lililokuwa makao makuu ya Bata, hao hao Bata wa viatu vyetu vya shule na kiwanda cha Limuru, lilimalizika 1938, lina paternosta, na mkuu wa kampuni alijengewa ofisi yake ndani ya lifti kubwa ya mita 6 kwa 6, ina hadi sinki la maji, ili apande na kushuka ghorofa zote bila kuinuka mezani.

Piga simu kabla hujaenda, mara nyingi ziko kwenye matengenezo, na ukifika nenda asubuhi saa nne hivi, saa za watu kuingia kazini na za chakula zimejaa na mtu anayejifunza anahitaji tundu tupu mbele yake. Acha vitatu vipite. Cha nne tazama sakafu.