Jinsi ya kuyasoma mahame ya babu zenu kabla trekta halijapita

Kama kwenu ni Dodoma, Singida au popote Operesheni Vijiji ilipopita, ile ya kuhamishia watu vijijini miaka ya 70, kuna uwezekano mkubwa ukoo wenu una mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa, huko porini na nyie mnapita mnaona kichaka tu. Yanasomeka vizuri sana ukijua pa kuangalia.

Anza na miti. Minyaa haijipangi yenyewe, ukiikuta imenyooka mstari ujue palikuwa na ua, na kama ndani yake udongo ni mweusi na majani yamestawi kuliko pembeni basi hapo ng'ombe walilala miaka mingi, hiyo ni samadi. Halafu tafuta tembe yenyewe, ile nyumba ya udongo. Usiseme hapakuwa na nyumba kisa huoni tofali! Paa la tembe ni udongo juu ya fito na magogo, likikosa mtu wa kulikandika masika mbili tatu maji yanaingia, mchwa wanamaliza nguzo, kuta zinayeyuka, kinachobaki ni tuta refu la chini chini lenye kona. Pembeni utakuta jiwe la kusagia limechimbika katikati, mafiga, vigae. Usibebe kitu, piga picha, washa GPS ya simu, na makaburi weka alama kwanza maana ndiyo yanayolimwa bila watu kujua.

Kisha nenda kwa wazee, na bibi zaidi kuliko babu, yeye ndiye anajua jiko lilikuwa wapi na kitovu cha nani kimezikwa wapi. Ukishaamkia usiulize mwaka, uliza mlihama kabla ya njaa ya 74 au baada? Nyerere alitangaza Novemba 1973 kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi kwenye vijiji, ila Dodoma operesheni yao ilishaanza mwanzoni mwa miaka ya 70, kwa hiyo mzee akikutajia mapema usimkatalie. Wapo waliohama wenyewe, wapo waliopakiwa kwenye lori na nyumba ikabomolewa nyuma yao wasirudi. Hapo nyamaza, mwache aongee.

Na tafadhali usiende na haya kudai shamba kichwa kichwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua ardhi iliyogawiwa kwenye uhamishaji wa 1970 hadi 1977, kwa hiyo anayelima hapo leo anaweza kuwa na haki kamili. Mwone yeye kwanza, mwonyeshe makaburi, muombe ayaachie nafasi.