Kuhariri Jeni ya Panya kwa Cas9: Kutoka RNA Elekezi hadi Panya wa Kuaminika

Panya aliyezaliwa kutokana na yai lililohaririwa bado si jibu. Cas9, kimeng'enya kinachokata DNA pale kinapoelekezwa na RNA elekezi, huweza kuendelea kukata hata baada ya yai kuanza kugawanyika, hivyo mwili mmoja hubeba seli zenye mabadiliko tofauti. Panga kazi ukijua kwamba jibu la kweli litatoka kwa watoto wake.

Ukitaka kuzima jeni, chagua eksoni (kipande cha jeni kinachobaki kwenye mRNA, nakala inayosomwa kutengeneza protini) ya mwanzomwanzo iliyomo katika aina zote za mRNA ya jeni hiyo. Usiisogelee mno ATG ya kwanza, yaani herufi za DNA zinazoanzisha protini: ribosomu, mtambo wa seli unaotengeneza protini, inaweza kuanzia ATG nyingine mbele yake, ukapata protini fupi ambayo bado inafanya kazi. Cas9 ya Streptococcus pyogenes hudai NGG (N ni herufi yoyote) mara tu baada ya herufi 20 za shabaha, na hukata herufi 3 kabla ya NGG hiyo. Tupa RNA elekezi yoyote ambayo shabaha yake ina mfanano kwingine kwenye jenomu kwa tofauti ya herufi moja au mbili. Andaa elekezi tatu, uzijaribu kwanza kwenye DNA iliyozalishwa kwa PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi. Panya asitumike kupima kilichopimika ndani ya kichupa.

Kibali cha kamati ya maadili ya wanyama kikiwa tayari, wadunge majike wa wiki 3 hadi 4 PMSG, homoni ya kukuza mayai, IU (vipimo vya kimataifa) 5. Baada ya saa 46 hadi 48 wadunge hCG, homoni ya kuyaachilia mayai, IU 5, kisha uwaweke na madume. Asubuhi toa mayai kwenye mirija ya uzazi ya wale wenye kizibo ukeni, dalili kwamba wamepandwa. Hialuronidasi, kimeng'enya kinachoondoa seli zinazozunguka mayai, ni kwa dakika chache tu, kisha yaoshe vizuri.

Changanya protini ya Cas9, nanogramu 50 kwa mikrolita, na RNA elekezi, nanogramu 25 kwa mikrolita. Acha dakika 10, zungusha kwa kasi kwenye sentrifuji, uchukue sehemu ya juu. Ukiruka hatua hii, chembechembe zitaziba sindano. Dunga mchanganyiko huo ndani ya mayai, kisha pandikiza mayai yaliyo hai kwa majike waliopandwa na madume waliokatwa mirija ya mbegu, ili miili yao ijiandae kwa mimba bila kuwa na watoto wao wenyewe. Watoto huzaliwa baada ya siku 19 au 20.

Kwenye upimaji ndipo wengi hujidanganya. PCR fupi ikitoa mfuatano mmoja safi, usikimbilie kusema nakala zote mbili zimebadilika: huenda nakala ya pili imepoteza kipande kikubwa pamoja na mahali pa kushikia praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR. Rudia kwa PCR ndefu ya herufi elfu kadhaa. Tena, upungufu wa herufi 3, 6 au 9 hauvurugi fremu ya usomaji, yaani mpangilio wa kusoma herufi tatu tatu, hivyo protini inaweza kuwa bado inafanya kazi.

DNA ya mkia haisemi kilichomo kwenye mbegu au mayai. Mpandishe kila mwanzilishi, yaani panya aliyetoka kwenye yai lililohaririwa, na panya wa kawaida, usome mfuatano wa kila mtoto, kisha uchague badiliko moja la kuendeleza. Watoto wa waanzilishi wawili wasichanganywe kwenye ukoo mmoja, hata mistari ya DNA yao ikilingana kwenye jeli ya kupimia urefu wake.