Kujifunza Ufundi wa Miti Mibichi kwa Kozi ya Vitendo

Mtu anayetaka kujifunza kuchonga mwiko, kusuka kikapu cha fito au kukereza miguu ya kigoda hushawishika kwanza kununua zana, na mara nyingi hununua zile asizozihitaji. Ningemshauri aanze kwa kulipia siku mbili au tatu za mafunzo ya kazi moja tu. Mambo mawili yanayoubeba ufundi huu, yaani kunoa na kusoma nyuzi za mti, hayapatikani kwa kutazama picha. Huingia mkononi wakati mtu anayeyajua amesimama kando yako akikusahihisha.

Kabla ya kujiandikisha, muulize mwalimu kazi inaanzia wapi, na jibu unalolitafuta ni kwamba inaanzia kwenye gogo. Kozi inayokugawia kipande kilichokwisha kukatwa kwa msumeno, kikabaki kupigwa msasa tu, itakupa kitu cha kuonyesha nyumbani na si zaidi ya hapo. Uliza pia idadi ya wanafunzi, kwa kuwa katika kazi ya shoka na kisu mwalimu mmoja akipewa zaidi ya wanane, jicho lake halitakufikia pale mkono wako unapokosea. Zana tumia za kozi, hadi ujue ni ipi inayoukaa mkono wako.

Gogo huchongwa likiwa bichi. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na mti nao ukiwa na maji yake hukubali kisu kwa urahisi ambao ukikauka hutauona tena. Hata hivyo, maji hayo yakishapungua chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, mti huanza kusinyaa, na kwa kawaida husinyaa kufuata mzunguko wa pete zake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kwenye kiini kuelekea kwenye gome. Gogo zima la mviringo haliwezi kuvumilia tofauti hiyo, kwa hiyo hupasuka. Dawa ni kulitangulia: weka makali ya shoka katikati ya kiini, piga kisogo chake kwa gongo la mti wala si kwa nyundo ya chuma, kisha uache ufa utafute njia yake wenyewe. Kipande kilichopasuliwa hivyo huwa na nyuzi zisizokatika toka ncha hadi ncha, na ndiyo sababu mpini wake huwa imara kuliko ule uliotolewa kwenye ubao wa msumeno. Sehemu ya kiini chenyewe ichonge uitupe, maana nyufa nyingi huanzia hapo.

Katika kuchonga, kisu kishuke, kisipande. Kwa nje, kata kutoka sehemu nene kwenda nyembamba. Ndani ya bakuli la mwiko, kata kutoka ukingoni kwenda chini kwenye kina, ukisimama pale mteremko unapokwisha na kuanza upya kutoka upande wa pili. Ukihisi makali yanazama na mti unachanika badala ya kutoa maranda laini, umegeuka kinyume cha nyuzi.

Siku ya kwanza usiache ipite kabla hujanoa kisu chako mwenyewe. Kilaze kwenye jiwe kwa pembe ile ile, kwa kawaida digrii 20 hadi 25 ukijumlisha pande zote mbili za makali, hadi kidole kisikie chuma chembamba kilichojikunja upande wa pili. Ndipo ukigeuze, na mwisho ukisugue kwenye kipande cha ngozi ya mnyama. Kisu butu hukulazimisha kutumia nguvu, na nguvu ndiyo inayokiponyosha. Usichonge juu ya paja, kwa kuwa mshipa mkubwa wa damu hupita upande wake wa ndani. Keti viwiko vikiwa magotini, kazi ikiwa mbele yake. Na unapotumia shoka, mkono ulioshika kipande ukae juu ya pale makali yanapotua.

Mwiko wangu wa kwanza niliuanika juani kwa pupa ya kuuona umekauka, na jioni nikaukuta una ufa kutoka ukingo wa bakuli hadi shingoni. Maji hutoka upesi zaidi pale nyuzi zilipokatwa, basi ufunike kwa maranda yake ndani ya mfuko wa karatasi, uuweke kivulini kwa wiki moja au mbili, na uupime kwa mizani kila baada ya siku chache. Uzito ukiacha kushuka, umekauka. Upitishie kisu kikali mara ya mwisho, kisha uupake mafuta ya kitani yasiyo na viongezo.