SOMO: Kusoma matini ya Kiarabu isiyo na irabu (mwaka wa kwanza)

Kila muhula swali ni lile lile: "Nimetafuta neno kwenye kamusi, halipo." Lipo. Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

1. Soma kichwa cha habari, bashiri mada.

2. Pitia aya nzima bila kamusi. Pigia mstari usiyoyajua, usisimame.

3. Tafuta kitenzi. Kisipokuwepo usishtuke: البيت كبير (nyumba ni kubwa) ni sentensi kamili.

4. Vua viambishi kabla ya kufungua kamusi. Hapa ndipo wengi huzama. Chukua وسيكتبونها. Toa za mbele: و (na), س (wakati ujao), ي (nafsi ya tatu). Toa za nyuma: ها (yambwa), ون (wingi). Inabaki كتب, mzizi (kwa kawaida herufi tatu) wa kuandika. Anayejua kuchambua "wataiandika" ameshaizoea kazi hii. Kamusi nyingi za wanafunzi hupangwa kwa mizizi, ndiyo maana مكتبة (maktaba) huikuti kwenye mim (herufi م). Iko chini ya k-t-b.

ONYO: usivue kwa pupa. Waw ya ولد (mtoto) ni ya mzizi, na ba ya بيت vilevile. التقى inaanza kwa alif na lam lakini hakuna "al" (kibainishi) pale. Ni kitenzi "alikutana", mzizi l-q-y. Kinyume chake, للطالب ina "al" ndani, alif yake imedondoka baada ya li ("kwa"). Ukivua zikabaki herufi mbili, kuna herufi dhaifu (waw au ya) iliyotoweka au shadda (alama ya herufi iliyorudiwa) isiyoandikwa. يصل (anafika) hubakisha ṣ-l. Rudisha waw mwanzoni, upate w-ṣ-l. Pasipofaa mwanzoni, jaribu waw au ya katikati, kisha mwishoni. Bado? Rudia herufi ya pili: ظن ni ẓ-n-n.

5. Maana iandike pembeni, si juu ya neno, la sivyo jicho halitasoma Kiarabu tena. Kisha soma aya upya kwa sauti.

MASWALI

Mgeni22: Ustadhi, hakuna programu ya kutafsiri aya nzima?
— Zipo. Kwenye chumba cha mtihani hazipo. Hatua ya 4.

Dafina: Nimekuta وصل الطلاب. Wanafunzi wengi, kitenzi umoja. Kosa la uchapaji?
— Swali zuri, na si kosa. Kitenzi kikitangulia kiima hubaki umoja. Kiima kikitangulia, vinapatana: الطلاب وصلوا. Kuna na hili: wingi wa vitu visivyo watu huchukuliwa kama umoja wa kike, mfano الكتب جديدة. Kwa hiyo ile ها ya hatua ya 4 yaweza kuwa barua moja au barua mia. Usimtafute mwanamke asiyekuwepo.

Kombo: Hatua zako hazifanyi kazi.
— Taja neno.
Kombo: فهم
— Laweza kuwa "alielewa", fa ikiwa ya mzizi, au fa + hum, "basi wao". Leta sentensi nzima, neno tupu silijibu.

Kalamu: Nyongeza: maneno ya Kiswahili yaliyotoka Kiarabu kama wakati, habari na rafiki yashikeni kama nanga, ila yapimeni kwa muktadha. جملة kwenye kitabu cha sarufi ni sentensi, si jumla, na حديث si lazima iwe hadithi. Huenda ni "mazungumzo" au "-a kisasa".
— Kweli kabisa. Na أجل ni muda uliowekwa, si ajali. Ajali ya gari ni حادث, mzizi mmoja na hiyo حديث yako.