Kuikinga nyumba na saratani ya ini inayotokana na virusi

Saratani ya ini inayomwangusha mtu wa makamo hapa Lamu huenda ilianza siku aliyozaliwa. Watoto wachanga wanaoambukizwa homa ya ini B na mama zao, takriban 9 kati ya 10 hubaki na virusi hivyo maishani, ilhali kwa watu wazima ni chini ya 1 kati ya 20. Virusi vya B hupenyeza vinasaba vyake ndani ya vinasaba vya seli za ini, ndiyo maana saratani inaweza kutokea hata kabla ini halijasinyaa kwa makovu. Virusi vya homa ya ini C hupitia zaidi njia hiyo ya makovu.

Basi pimeni damu mkiwa bado wazima. Msingoje macho yawe manjano, kwa kuwa wengi wenye virusi hivi hawaoni dalili yoyote kwa miaka mingi. Anayevuka kwa boti kutoka Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, ameshalipa nauli, kwa hiyo na aombe siku hiyo hiyo vipimo viwili: cha virusi vya B, kinachoandikwa HBsAg kwenye fomu ya maabara, na cha kingamwili za C. Homa ya C ikithibitishwa, vidonge vya wiki 8 hadi 12 huwaponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100. Akikutwa na B, kipimo hurudiwa baada ya miezi 6, na watu wote wa nyumbani wapimwe. Asiye na virusi achanjwe sindano tatu. Ikiwa B imekuwa ya kudumu, amwulize daktari kama anastahili dawa ya tenofovir, ambayo huvidhoofisha virusi bila kuving'oa, na kama ini lake lipigwe skani kila miezi 6, maana uvimbe mdogo bado una tiba.

Kula sinia moja na mwenye virusi hivi hakuambukizi. Nalisema hili kwa uchungu, kwani nimeona mgonjwa akitengewa sahani na kikombe ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mja mzito mwenye B azungumze na mkunga mapema, mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kwani ile ya kawaida ya kliniki huanza wiki ya 6.

Kwenye hijama (kuumikwa), tohara au kutoga masikio, wembe au sindano ifunguliwe mbele ya macho yako. Nimemwona mwumishi akisuza wembe kwa maji ya kopo kisha akamgeukia wa pili, na virusi vya B huishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi.

Jikoni, chambueni karanga na mahindi msimu wa mvua za kusi. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu, huongeza sana hatari kwa mwenye B, na kuchemsha hakuiondoi. Zilizoota kuvu zitupwe, wala wasipewe kuku.