Kurekebisha rangi za projekta ya nyumbani: anza na kijivu

Projekta ukiitoa kwenye boksi ukaiwasha sebuleni, mara nyingi inakuja ikiwa kwenye ile modi ya mwanga mkali, Dainamiki au Vividi, imewekwa hivyo ili ishindane na mwanga wa mchana na taa, ndiyo maana nyuso za watu zina ukijani na nyasi za uwanjani zinaumiza macho. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia kwenye menyu, kwenye kala (ukolezi wa rangi) na tinti (rangi ielekee wapi), wanaongeza wanapunguza mpaka usiku unaisha na picha bado haieleweki. Mi nasema kala iache kwanza. Rangi zote kwenye picha zimekalia kijivu, kijivu chako kikiwa na ukijani basi kila kitu kitakuwa na ukijani, na kijivu kikikaa sawa unakuta ngozi za watu zimejiweka sawa zenyewe hata hujagusa kingine.

Kabla ya rimoti, angalia ukuta. Nyumba zetu nyingi zimepakwa krimu, na krimu inarudisha picha ikiwa na unjano, kwa hiyo kama huna skrini, paka ile sehemu nyeupe isiyong'aa kabisa (ya kung'aa inatengeneza doa la mwanga katikati). Kuta za pembeni nazo zikiwa na rangi kali zinaakisi mwanga na kuurudisha kwenye picha, hilo hakuna setingi itakayoliondoa. Fanya kazi usiku, taa zimezimwa, pazia limefungwa.

Alafu safisha filta ya vumbi kama projekta yako inayo, washa, acha ipate moto nusu saa hivi, sababu taa ikiwa bado baridi rangi zake zinatembea, utapima kitu ambacho baada ya dakika 15 kimeshabadilika. Kwa sehemu ambazo umeme unakatika hovyo ni bora uwe na UPS (betri ya akiba), umeme ukienda katikati ya kazi feni nayo inazima wakati taa bado ya moto, siyo nzuri kwa taa, na wewe inabidi usubiri upya.

Sasa chagua modi ya Sinema au Muvi au Nacharo, majina yanategemea kampuni. Joto la rangi weka la Wamu au namba 6500. Zima kila kitu kinachojiamulia chenyewe: airisi ya kujiendesha (tundu la mwanga linalojifungua na kujifunga), kontrasti dainamiki, kiongeza ukali wa picha, kiboresha ngozi, vyote. Kwenye projekta za DLP (zinazotengeneza picha kwa vioo vidogo sana) kuna kitu kinaitwa BrilliantColor, kishushe mpaka mwisho au kizime, maana gurudumu la rangi (kisahani cha vipande vya rangi kinachozunguka kwenye njia ya mwanga) la projekta nyingi za DLP lina kipande cheupe kinachoongeza mwanga kwenye nyeupe tu, nyeupe inapaa na rangi zinabaki chini, wekundu unaonekana kama umefifia, na ukija kupima, mwanga wa nyekundu, kijani na bluu ukijumlishwa hautafika ule wa nyeupe. Amua pia mapema kama utatumia taa ikiwa Eko au kawaida, ukibadilisha baadaye nyeupe nayo inahama.

Picha itakuwa na mwanga mdogo kuliko ulivyozoea na itaonekana kama ina unjano. Usiogope. Macho yamezoea ubuluu wa TV za dukani, yape siku kadhaa. Sinema za kidijitali zenyewe zinalenga kandela 48 kwa mita ya mraba tu, kwenye chumba cheusi mwanga huo unatosha.

Kinachofuata ni nyeusi na nyeupe, na hapa huhitaji kifaa chochote. Shusha mtandaoni AVS HD 709, ni seti ya picha za majaribio ya bure, ipo ya MP4 unaweza kuweka kwenye flashi. Icheze kupitia kifaa kilekile unachotumia kuangalia muvi. Braitnesi, pamoja na jina lake, kazi yake ni kuweka nyeusi. Kwenye ngazi ya 0 mpaka 255, video ya kawaida nyeusi yake ni 16 na nyeupe ni 235. Fungua ile picha yenye vipande vyeusi vinavyopepesa, shusha braitnesi mpaka 16 na vilivyo chini yake vipotee na 17 na kuendelea uvione kwa mbaali. Kontrasti ndiyo ya nyeupe: ipandishe mpaka vipande vya karibu na 235 vianze kumezwa, alafu rudi nyuma kidogo, na angalia nyeupe isibadilike ikawa na upinki au ukijani ukiwa unapandisha. Rudia braitnesi, zinavutana hizi mbili. Kama unatumia laptopu na nyeusi imekuwa kama moshi, au giza lote limezama huoni nywele wala koti jeusi, hapo tatizo siyo braitnesi, ni laptopu inatuma 0 mpaka 255 na projekta inasubiri 16 mpaka 235, au kinyume chake. Nenda kwenye setingi ya HDMI pande zote mbili zikubaliane kwanza.

Mpaka hapa kama huna kipima rangi (kifaa kinachosoma rangi ya mwanga na kuipeleka kwenye kompyuta) simama, na usiguse kwa macho geini za RGB, yaani setingi za kiasi cha nyekundu, kijani na bluu kwenye sehemu angavu. Nasema hivi kwa nia njema kabisa, jicho linazoea chochote ndani ya dakika chache, ukiwa na ubuluu mwingi litakwambia ni nyeupe. Kamera ya simu nayo usiitumie kuamua, inajirekebishia nyeupe yenyewe, kwa hiyo zile picha za skrini tunazotumiana WhatsApp hazithibitishi kitu.

Ukipata kipima, cha kununua au cha kuazima kwa mtu wa picha au wa kuchapisha, kazi inakuwa tamu. Programu ya HCFR ni bure kwenye Windows. Weka kipima kwenye tripodi kikiangalia skrini, karibu kiasi lakini kiinamishe pembeni kidogo kivuli chake kisiingie kwenye eneo unalopima, kwenye programu chagua kwamba unapima projekta. Ukipima mwanga uliotoka ukutani unakuwa umepima na ukuta wenyewe, ndiyo tunachotaka.

Unachotafuta ni nyeupe ya D65, x 0.3127 na y 0.329 (namba mbili zinazoonyesha rangi ipo wapi kwenye ramani ya rangi). Hiyo ndiyo nyeupe ya Rec. 709, kiwango ambacho video za HD zinatengenezewa, kwa hiyo siyo suala la mi napenda hivi we unapenda vile, unajaribu kuona alichokiona aliyekaa studio akipanga zile rangi. Pima kijivu cha 80%, yaani kijivu angavu, 0% ikiwa nyeusi na 100% nyeupe. HCFR itakuonyesha vijiti vitatu, nyekundu, kijani na bluu, vyote vinatakiwa viwe karibu na 100. Taa nyingi za projekta zina kijani cha kutosha na nyekundu haba, sasa mtu anaona nyekundu ipo 88 anapandisha geini ya nyekundu, na juu kule nyekundu inagonga mwisho, mawingu yanageuka rangi. Usipandishe, shusha zile mbili nyingine ziifuate ile dhaifu. Utapoteza mwanga kidogo, kubali.

Ukimaliza 80% nenda 30%, hapo unatumia ofuseti (ni kama geini ila ya sehemu za giza) siyo geini, na uguse taratibu sana, hatua moja moja. Kisha rudi 80%, utakuta imehama. Ndivyo ilivyo, unakwenda na kurudi mpaka kote kutulie. Mwisho piga kijivu chote kuanzia 10% mpaka 100% uangalie delta E (namba ya ukubwa wa kosa la rangi), ikiwa chini ya 3 jicho haliwezi kuona tofauti kirahisi. Kule 10% usikae kupigana, vipima vya bei ya kawaida vinayumba kwenye giza.

Gama, yaani jinsi mwanga unavyopanda kutoka nyeusi kwenda nyeupe: chumba cheusi kabisa lenga 2.4, sebule yenye mwanga kidogo 2.2. Ukichagua basi, ila pima kijivu tena baada ya hapo.

Sasa ndiyo rangi. Zote sita, nyekundu, kijani, bluu, samawati (sayani), majenta na njano, zipime kisha uone zimeangukia wapi kwenye pembetatu ya Rec. 709 inayochorwa na HCFR, kona zake ni nyekundu, kijani na bluu. Kama menyu yako inaruhusu kurekebisha kila rangi peke yake, anza na mwangaza wa hiyo rangi, alafu tinti, ujazo (ukolezi wa rangi) uwe wa mwisho, sababu kosa la mwangaza jicho linalikamata haraka zaidi. Kijani ndicho kinabeba mwanga mwingi, kama 72% ya nyeupe, bluu hata 8% haifiki, kwa hiyo kijani kikikosewa kidogo picha nzima inajulikana. Nyekundu isiyofika kwenye kona yake iache, ukilazimisha nyuso zinaanza kupasuka mistari. Projekta isiyo na hiyo menyu, tumia kala na tinti za kawaida na uridhike, kijivu kikiwa sawa umeshapata sehemu kubwa.

HDR (video zenye mwanga na giza vilivyopanuliwa zaidi) iache mpaka hii ikae sawa.

Hifadhi kwenye kumbukumbu ya Yuza, na namba zote ziandike pembeni, kwenye daftari au kwenye simu, ukirudisha setingi za kiwandani kwa bahati mbaya zinafutika zote. Taa ikiwa mpya kabisa itumie kama saa 100 kwanza ndiyo upime, mwanzoni inabadilika haraka, baada ya hapo kila masaa 300 au 400 rudia kijivu cha 80% na 30% tu. Ukipaka ukuta rangi mpya au ukihamisha projekta, pima upya.